Ulanzi Haujui Machi 31

Shangazi alimwaga madumu matatu.

Nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Aprili, mvua ya usiku imeacha uwanja mzima tope tupu, naye amejifunga kanga juu ya sweta, anaburuta dumu la lita ishirini kutoka kilabuni kwake hadi mtaroni. Alipolegeza kifuniko kiliruka chenyewe. Akainamisha. Ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, ukatoka mweupe kama maji yaliyooshewa mchele, povu likakusanyika kwenye mfuko wa nailoni uliokwama pale mtaroni, likazunguka kidogo, likaenda zake. Bata wa jirani wakaja kuonja. Akamwaga la pili. Kwenye la tatu alisita, akachota kikombe kimoja, akakinywa chote akiwa wima, kisha akaendelea kumwaga.

Siku mbili kabla walikuwa wamepita wakaguzi. Leseni yake ya vileo ilikuwa imeisha.

"Nimeikata juzi tu," aliwaambia. Kwa hesabu yake ilikuwa juzi kweli. Aliikata Januari.

Hawakumtukana wala hawakumwomba chochote, na nalisema hili kwa sababu najua mnachotarajia kusikia. Walimwonyesha tarehe kwenye karatasi yake mwenyewe: mwisho Machi 31. Wakamwambia afunge mpaka akate nyingine. Na ulanzi, kama mnavyojua, hausubiri. Asubuhi ni mtogwa unaompa hata mtoto, kesho yake ni mkangafu unaomlaza mzee kwenye kinyungu cha watu (bustani ya bondeni), keshokutwa ni siki.

Nimekaa na jambo hili wiki saba. Nimeandika makala hii mara tatu na kuifuta mara tatu, kwa kuwa kila nilipofika katikati niligundua ninayemlaumu siye.

## Steshenari

Makala ya kwanza ilikuwa ya kuilaumu kompyuta.

Januari ile mimi ndiye niliyempeleka shangazi kukata leseni. Miaka yote alikuwa akizunguka kwa miguu: kwa mtendaji, kwa bwana afya, ofisi ya biashara, rudi kesho, faili halionekani. Safari hii aliambiwa kila kitu kipo kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa; unajaza kwa simu na kulipa kwa simu. Simu ya shangazi ni ya tochi. Tukaenda steshenari.

Kijana alitaka namba ya NIDA. Shangazi akafungua leso yenye mafundo mawili, akatoa kitambulisho. Akataka TIN, namba ya mlipakodi. Ikapatikana, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Kisha akauliza: "Jina la biashara, mama?"

Kimya.

Kilabu kile kina umri kunizidi na hakijawahi kuwa na jina. Watu husema "twende kwa shangazi", hata wale ambao si shangazi yao. Kijana alitaka kusaidia: "Weka Nyanda za Juu Pabu. Inavutia."

"Pabu ni ya wenye friji, mwanangu," shangazi akamjibu. "Andika Kwa Shangazi."

Nilicheka siku ile. Baada ya Aprili sikucheka tena. Nikaona hapo ndipo ilipo dhuluma yote: mwanamke wa miaka sitini na kitu analipa mtu ili amjazie fomu inayomuuliza jina ambalo biashara yake haikuwahi kulihitaji. Nikaandika kurasa mbili za hasira.

Nikazisoma asubuhi. Hazikuwa za kweli.

Leseni ilitoka ndani ya siku chache. Kontroo namba ilikuja kwenye simu yangu, akalipa palepale kwa wakala, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia faili halionekani. Tangu serikali ilipotoa ule mpango wa kuboresha mazingira ya biashara mwaka 2018, tumesikia mengi: tozo zimefutwa, mwaka 2019 usimamizi wa chakula ukatolewa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ukapelekwa TBS (shirika la viwango), leseni zikahamia mtandaoni. Mengine sisi wa chini hatukuyaona kwa macho. Hili la leseni nililiona. Nilimuuliza shangazi mwenyewe kama angependa turudi kwenye kuzunguka.

"Nirudi nikafanye nini huko, baba? Magoti haya?"

Kompyuta ikaponea hapo.

## Kalenda ukutani

Kilabuni kwa shangazi, nyuma ya benchi la wazee, kuna msumari wenye kalenda za kigango. Haondoi za zamani, anaining'iniza mpya juu yake, kwa hiyo ukutani pale pana miaka kama sita imelaliana. Nilikuwa nimekaa peke yangu, kilabu kimefungwa, mvua inapiga bati, sina la kufanya. Nikaanza kufunua.

Kila mwaka ana alama mbili kwa kalamu nyekundu. Ya kwanza ameandika "umeanza". Ya pili, "umekauka".

Mwaka mmoja ulianza Januari 11, ukakauka Mei 23. Mwingine mvua zilichelewa, ukaanza mwisho wa Januari, ukakauka Juni mwanzoni. Mwingine ulianza kabla hata ya Krismasi. Nilitembeza kidole mwaka hadi mwaka, na kila mwaka kidole kilipita juu ya tarehe ileile kikiwa karibu katikati ya safari.

Machi 31.

Sheria yetu ya Vileo ni Namba 28 ya mwaka 1968, na leseni zake zinakwenda kwa nusu mwaka. Kipindi kimoja kinaanza Oktoba 1 na kuisha Machi 31. Kingine kinaanza Aprili 1 na kuisha Septemba 30. Ukikata katikati ya kipindi, tarehe ya mwisho ni ileile. TAUSI haikuzibuni tarehe hizo, ilizikuta. Ilichofanya ni kuziweka kwenye mashine isiyojua kuzungumza na mtu.

Na hapa ndipo nilipokaa chini vizuri.

Ulanzi ni kitu cha mvua. Chipukizi la mwanzi linapopanda, mgema analikata ncha, analifunga mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia, anarudi asubuhi na jioni kulikwangua upya na kumimina kilichodondoka. Mbeta haioshwi ikang'aa, maana masalia ya jana ndiyo yanayouchachua wa leo. Mvua zikichanganya mwanzi unatoa hadi mbeta inafurika. Zikikatika, chipukizi linakomaa, basi. Huwezi kuugema Agosti hata uwe na leseni ya dhahabu. Huwezi pia kuutunza, labda uchemshe au uweke kemikali, na hapo utakuwa unauza kitu kingine.

Kwa hiyo mwenye kilabu cha ulanzi ana msimu mmoja kwa mwaka, na sheria imeupasua msimu huo katikati. Ili auze miezi minne na nusu inabidi akate leseni mbili. Anaanza Januari akiwa tayari amepoteza miezi mitatu ya kipindi cha kwanza. Anamaliza Mei au Juni akiacha miezi kama minne ya kipindi cha pili ikimtazama. Mwenye baa naye analipa vipindi viwili, ila yeye anauza miezi kumi na miwili.

Nilimpigia rafiki yangu anayefanya kazi idara ya biashara kwenye halmashauri moja mbali na kwetu. Nikamweleza kwa pumzi moja, nikidhani nimegundua dhahabu ya Chunya.

"Sasa nani kamkataza kulipia vipindi viwili?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri, na hilo ndilo lililonifutisha makala ya pili.

## Kreti halichachi

Ukiitazama sheria ile kwa jicho la mwenye bia, haina kasoro. Kreti likiingia Machi 28, Aprili 10 bado ni kreti. Leseni ikikwama wiki mbili, bia inalala stoo na kuamka ileile.

Hata pombe nyingine za kienyeji zinajimudu. Kule Tukuyu kimpumu ni cha ulezi, na ulezi unakaa ghalani. Unapika ukitaka, unaacha ukitaka. Komoni hivyohivyo. Mama wa komoni akifungiwa Aprili anasubiri, akipata karatasi yake analoweka upya. Amepoteza wiki, hajapoteza mwaka.

Wa ulanzi peke yake ndiye anayepimwa kwa saa ambayo si yake.

Zamani Mwingereza alikuwa na sheria ya pombe ya wenyeji mbali na sheria ya vinywaji vya wazungu, na ilikuwa ya kudhalilisha. Mwafrika hakuruhusiwa hata kuuziwa vinywaji vikali vya dukani. Sina hamu ya kurudi huko. Leo kuna daraja la leseni kwa ajili ya pombe za kienyeji ndani ya sheria moja ya wote, na hiyo ni heshima yake. Ila waliopanga tarehe, naamini kabisa, hawakuwa wakiwaza mianzi. Waliwaza baa.

## Mke wangu hakubaliani

Nilimsomea mke wangu rasimu ya tatu. Yeye ni wa Mufindi, alikulia nyumba mbili kutoka kilabu cha ulanzi cha kwao.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Umeandika kama mtu aliyekuwa akienda kilabuni kuchukua nauli kwa shangazi. Mimi nilikuwa nikienda kumchukua baba."

Nikanyamaza.

Aliendelea, bila kupandisha sauti. Masika kwao ndiyo ilikuwa miezi ya njaa, mahindi bado shambani, na ndiyo miezi ya ulanzi. Mbolea ya kukuzia inangojwa, hela imeenda kilabuni. Kikombe kimoja midomo ishirini, mwenye kifua na asiye na kifua. Kipindupindu kikiingia wilayani, vilabu ndivyo vinavyofungwa mwanzo, na wenye vilabu wanalia wanaonewa. "Wakimfungia shangazi yako wiki mbili, kuna mke mahali anashukuru."

Nilimwambia kuhusu gongo, kwamba mimi sitetei kila kitu. Gongo imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1966 na ikae hukohuko. Viroba, pombe kali ya vifuko, vilipofutwa Machi 1, 2017 nilishangilia, maana nilikuwa nawaona madereva wa bodaboda wakivifungua kwa meno saa mbili asubuhi. Lakini wateja wa shangazi siku ile alipofungiwa hawakwenda kanisani. Nilikuwepo, nikawahesabu. Kumi na mmoja walivuka barabara hadi grosari.

Grosari, kwa msiofuatilia, kwa kawaida ni duka la kuuza kinywaji ukanywee kwako. Yetu ina mabenchi manne, pool table na spika. Mzee ambaye kwa shangazi hukaa na lita yake moja mchana kutwa, anasimulia habari za Lugalo, vita ya Wahehe na Wajerumani, kana kwamba aliushika mkuki mwenyewe, pale alinunua kichupa kidogo cha pombe kali kwa bei ya karibu lita mbili za ulanzi. Kikaisha kabla hajamaliza sentensi. Akanunua kingine.

"Kumi na mmoja," mke wangu akasema. "Walikuwa wangapi kilabuni?"

Kama kumi na wanne.

"Basi watatu walirudi kwao."

Hesabu hiyo nimeiacha hapa kama alivyoiweka. Sijui kuibishia, na sitaki kujifanya watatu ni wachache. Mmoja wao nilimwona mwenyewe akipita na mtoto begani.

## Mgema

Mtu ambaye hakuna aliyemfungia, wala kumpa karatasi, wala kumjua, ni mgema.

Anatoka upande wa Kilolo. Baiskeli yake haina breki, ina madumu mawili kila upande na jani la mgomba badala ya kifuniko kwenye moja, ili upumue njiani usije ukapasuka. Alifika Jumatatu baada ya ile Jumamosi, amelowa, hajui lolote. Hana simu. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa akapiga hodi kama mgeni.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene," shangazi akamjibu kutoka jikoni. Akamtolea chai kwanza. Ndipo akamwambia.

Sijawahi kuona mtu akipokea habari mbaya kimya namna ile. Alimaliza chai, akauliza kama kuna kilabu kingine jirani, akaambiwa kipo lakini nacho kimefungwa. Akainamia baiskeli, akaikagua minyororo ambayo haikuwa na tatizo.

Nilimuuliza, labda kwa kukosa la kusema, kama mianzi ni yake. Akasema ni ya marehemu baba yake, iko bondeni juu ya vinyungu. Jirani yake wa chini aling'oa mianzi yote mwaka juzi akapanda parachichi. Wa juu anaiuza kwa wasukaji wa matenga, yale ya nyanya za Ilula. "Watoto wananiambia nami ning'oe," akasema. "Parachichi halimwagwi." Sisi tuna methali ya mgema anayesifiwa tembo akalitia maji. Huyu katika miaka yote niliyokuwa nikimwona uani kwa shangazi sikumbuki mtu akimsifu hata mara moja. Jina lake nimelijua mwaka huu.

Alirudi na madumu yakiwa yamejaa. Mlimani, na baiskeli ile.

Ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimekosea swali kwa wiki zote. Nilikuwa nauliza kama shangazi ameonewa. Shangazi anaweza kuhamia kwenye kitu kingine. Sheria haikuwahi kuukataza ulanzi, ingeukataza watu wangepiga kelele, redio zingesema. Imeweka tarehe tu, na tarehe haimfukuzi mtu mara moja. Inamchosha. Mwaka huu anamwaga madumu matatu, mwaka kesho anaagiza machache, mwaka wa tatu mgema anasikiliza watoto wake. Ukiuliza nani aliung'oa mwanzi, hutapata wa kumshika.

Na dawa yake wala si kubwa. Leseni ya pombe za kienyeji ianze siku mtu anapoikata, ihesabu miezi sita, iishe. Mashine ile ile inayotuma kontroo namba usiku wa manane inaweza kuhesabu hadi sita. Rafiki yangu wa idara ya biashara nilipomwambia hivi hakuniuliza swali safari hii. Alisema, "Hiyo ni ya Bunge, kaka, siyo ya kwangu," na kwa sauti yake nilijua amekubali.

## Friji

Mei mwishoni nilirudi. Mlango uko wazi. Karatasi mpya imebandikwa ndani ya nailoni isilowe. Nilisoma mara mbili: siyo ya pombe za kienyeji.

"Nimekata ya grosari," shangazi akasema. "Usinitazame hivyo."

Kreti nne za bia zimesimama mahali palipokuwa na madumu. Friji bado, wakala amemwahidi atamletea la kampuni, lenye picha. Kalenda ya kigango ipo pale pale, na mwaka huu ina alama moja tu nyekundu, "umeanza". Nyingine hajaiweka. Wazee wamerudi wawili. Yule wa Lugalo hayupo.

Kwenye kona nyuma ya mlango nikaona dumu moja dogo, lita tano, kifuniko kimelegezwa. Mgema anamletea hilo moja kila Jumatatu, la kunywa mwenyewe. Lilikuwa linatoa sauti ile ya chini, kama mtu anayenong'ona peke yake.

Akaingia kijana mgeni, fundi wa barabara kwa mavazi yake, akaomba bia ya baridi. Ya baridi haikuwepo. Akatazama huku na huku, akalisikia dumu.

"Na ile, mama? Inauzwa?"

"Ile ni yangu," shangazi akasema, akamfungulia bia ya moto.